Alama Sita na Duara

Mama Mayai hakuwahi kuipenda kazi ya mumewe, na hakumficha mtu. Alikuwa akisema waziwazi, mbele ya wageni na mbele ya mwenyewe, kwamba Mungu alimpa mume mwema kisha akamtia harufu ili mke asije akaringa. Wageni wanacheka, mume naye anacheka, chai inaendelea kunyweka.

Kwa haki, kazi yenyewe ilizaliwa na ya kwake. Yeye ndiye aliyekuwa na kuku, mia mbili wa mayai, kwenye banda la matofali nyuma ya nyumba, na jina lake lilitoka humo. Sasa kuku mia mbili, kama hujaishi nao, usiombe. Yai wanataga moja kwa siku, tena kwa kujishaua na kelele nyingi, lakini ile shughuli nyingine hawana ratiba. Kinyesi chote, pamoja na maranda ya mbao yaliyotandazwa chini, kilikuwa kinatupwa shimoni. Mpaka siku mumewe alipoachishwa kazi kiwandani, akakaa kizingitini wiki nzima akilitazama lile shimo, akasema, "Mama, tunatupa chakula."

"Chakula cha nani hicho?"

"Cha udongo."

Alidhani ni msongo wa mawazo. Kumbe mtu alikuwa amepata kazi ya kumzika.

Kinyesi kibichi cha kuku kina moto. Ukikimwaga shambani kama kilivyotoka bandani kinaunguza mizizi, na mche unanyauka kama umemwagiwa maji yanayochemka. Lazima kiive kwanza, na bahati nzuri kinajipika chenyewe. Mzee alikuwa anakichanganya na maranda na majani makavu, anakinyunyizia maji, anakirundika, anakifunika turubai. Siku ya tatu lundo limeshapata joto. Katikati yake alichomeka nondo; ukiichomoa ukashindwa kuishika, ujue bado. Kila Jumamosi analigeuza lundo zima kwa beleshi, la ndani linakwenda nje, la nje linaingia ndani, kisha anachora mstari mmoja wa mkaa kwenye ukuta wa banda. Wiki sita, mistari sita.

Na hapo hajamaliza. Baada ya mistari sita anasubiri mpaka nondo itoke baridi, anachota kiganja kimoja, ananusa. Kikinuka kuku hata kwa mbali, anafunika turubai na kwenda zake. Kikinuka udongo, udongo mtupu, ndipo anaichukua ile mistari sita na kuizungushia duara. "Mistari ni jasho," alikuwa akisema. "Duara ni ahadi." Wakulima walimzoea. Mtu akifika pale uani hasalimii kwanza, anatazama ukuta kwanza. Ndivyo alivyopata jina la Mzee Alama, na kwa miaka yote ile hakuna mche hata mmoja uliowahi kuungua kwa mbolea yenye duara.

Ila nyumbani aliishi kwa masharti ya mkewe. Nguo za kazi, pamoja na koti lake la kaki, zibaki kwenye msumari nje. Aoge kwenye bomba la uani, sabuni mara mbili. Na pamoja na hayo yote, chumbani kwa mkewe asiingie. Lilianza kama jambo la wiki moja, mwaka mmoja mvua zilipozidi na lundo likanuka mpaka kwa majirani. Mama Mayai alimwambia, "Baba, kalale chumba cha mbele mpaka hali itulie." Akaenda kulala kwenye kitanda cha binti yao aliyekwishaolewa, kitanda kifupi, miguu inaning'inia. Wiki ikawa mwezi. Mwezi ukawa miaka tisa.

Hawakugombana, hata siku moja. Kila jioni, akishaoga, mzee alikuwa anapita kwenye mlango wa mkewe na kugonga kwa kidole kimoja.

"Mkaguzi yupo?"

"Yupo."

"Lundo limeiva?"

Mama Mayai anavuta pumzi humo ndani kwa makelele, ili asikike. "Bado. Ongeza wiki moja."

"Haya," anasema mzee, na kwenda zake akicheka peke yake. Mtu ambaye hajaolewa muda mrefu anaweza kudhani hayo ni maisha ya huzuni. Mama Mayai mwenyewe aliyaona ni mapenzi tu ya watu wazima, na kwamba siku zipo.

Siku hazikuwepo. Moyo ulimwangusha mzee asubuhi moja akiwa na beleshi mkononi, akalazwa hospitali. Huko wauguzi walimwogesha kila kukicha kwa maji ya dawa. Siku ya nne, mkewe alipofika na uji, alimkuta ameegemea mto katikati ya mashuka meupe, anatabasamu kama mtoto aliyeficha kitu.

"Njoo uninuse," alisema.

"Baba, acha utoto. Wagonjwa wenzio wanatazama."

"Njoo basi."

Akainama. Alinusa sabuni ya hospitali, spiriti na shuka lililopigwa pasi, basi. Mume wake hakuwemo.

"Nimepata duara?" aliuliza mzee.

"Umepata."

"Basi nikitoka hapa huna kisingizio." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamshika mkono, sauti ikashuka. "Lundo la dada yangu lina mistari miwili. Anapanda kabichi mwezi ujao. Usiliache lilale, mama. Ligeuze."

"Nitaligeuza."

Alifariki kesho yake kabla uji haujafika.

Binti yao alikuja kwenye mazishi na akabaki siku tano kumsaidia mama yake. Mtoto mwenye adabu, mchapakazi, hana kosa. Siku ya nne mama mtu alitoka nje alfajiri, akaenda moja kwa moja kwenye ule msumari, kwa sababu usiku wote alikuwa amepanga kwamba kukipambazuka tu ataenda kuweka uso wake kwenye lile koti. Msumari ulikuwa mtupu. Koti lilikuwa kwenye kamba, linachuruzika maji, pamoja na suruali, kofia, hata kile kitambaa cha kujifutia jasho.

"Nimekupunguzia kazi, mama," alisema binti, mikono ina povu. "Nimeziloweka mara mbili. Zimetakata kabisa."

"Asante, mwanangu," alisema Mama Mayai. Akaingia bandani, akafunga mlango, akalia katikati ya kuku.

Jumamosi iliyofuata, binti alipokuwa amekwisharudi kwake, Mama Mayai alishika beleshi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alilianza lundo vibaya, upande wa mwinuko, na mgongo ukamuuma. Lakini alipofika katikati mvuke ulipanda, na ndani ya mvuke ule mzee akaja. Harufu yake yenyewe, ile ya jioni kabla hajaoga, chachu na kali, yenye maranda ndani yake. Ni kama ameingia uani na kusema hodi. Mama Mayai aliigeuza ndoo, akaikalia, akabaki pale akivuta pumzi hadi lundo lilipotulia. Kisha akachora mstari wa tatu chini ya ile miwili ya mumewe.

Tangu siku hiyo alikuwa anaishi kwa ajili ya Jumamosi. Siku nyingine zote zilikuwa njia tu ya kwenda huko. Mstari wa nne, akakaa na mumewe kitambo. Lakini lundo halina habari na mambo ya watu, lilikuwa linafanya kazi yake. Siku ya mstari wa tano aligeuza mpaka chini kabisa, akachutama, akaingiza uso karibu kabisa na katikati, na akaambulia kidogo sana. Wiki moja zaidi na asingepata kitu. Hapo ndipo alipoelewa kile ambacho mzee hakumwambia hospitali, pengine kwa sababu hakujua kama kitamuuma mtu: kwamba kazi ile, ikifanywa vizuri, inafanywa ili harufu iondoke.

Alikwenda bandani, akakwangua chini ya vichanja ndoo moja ya kinyesi cha asubuhi ile ile, akaifukia katikati ya lundo. Ndoo moja. Lundo kubwa namna ile, ndoo moja ni nini? Kesho yake akafukia nyingine. Hakuna aliyemwona, na hakujisemea kitu; mikono yake ilikuwa inakwenda kama inavyokwenda mikono ya mtu anayejikuna. Jumamosi alichora mstari wa sita, na mvuke ulipanda kwa nguvu kama mwanzo, na mzee akaja mzimamzima. Akaendelea na ndoo zake.

Wiki moja baadaye wifi yake akaja na mkokoteni. Huyu alikuwa dada pekee wa marehemu, mwanamke wa shamba, mfupi, mikono mikubwa, mdomo usiozunguka. Alisimama mbele ya ukuta, viganja kiunoni.

"Mistari sita naiona. Duara liko wapi, wifi?"

Mama Mayai alikuwa na jibu, tena la kweli: bado, subiri. Lakini "subiri" ingefuatwa na "kwa nini?" Na hiyo "kwa nini" angeijibuje? Kwamba nakaa juu ya ndoo kila Jumamosi namnusa kaka yako? Yeye, aliyekuwa akiziba pua mbele ya ukoo mzima?

"Miche imeshapita kimo, haisubiri tena," aliendelea wifi. Akainua pembe ya turubai, akakunja uso. "Mbona kama bado inanuka?"

"Ni turubai hilo. Turubai ndilo linanuka."

Na kabla hajajipa muda wa kufikiri, aliingiza mkono kwenye tundu la ukuta ambamo mumewe alikuwa akihifadhi kipande chake cha mkaa, akaizungushia mistari duara. Lilitoka bovu, limebonyea upande mmoja. Wifi yake alilitazama, akaligusa kwa ncha ya kidole, na macho yakamjaa maji.

"Sasa ni kama yupo," alisema.

Walipakia nusu ya lundo. Mkokoteni ulipotoka getini Mama Mayai alitaka kuukimbilia. Alisimama pale pale, akaokota majani yaliyodondoka.

Siku ya tisa wifi alirudi kwa miguu, na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Alikifungulia mezani. Ulikuwa mche wa kabichi, majani yamekauka pembeni kama karatasi iliyopitishwa motoni, mizizi ya kahawia, inateleza ukiigusa.

"Yote," alisema. "Elfu moja. Sijabakiza hata wa kuonyesha."

"Pole, wifi."

"Wala simlaumu kaka. Lile lundo alilianza tayari anaumwa, vipimo vilimpotea tangu mwanzo. Mtu anachoka, hata pua inachoka. Ila nimewaambia wenzangu pale sokoni, maana si haki wakaungua na wao. Nimewaambia mbolea ya mwisho ya kaka wasiitumie." Akaukunja mche kwenye gazeti lake, polepole, kama vile bado una faida. "Imeniuma kulisema, wifi. Miaka yote ile."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mama Mayai aliinuka akachemsha chai. Wifi akanywa, akaaga, akaenda. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na kweli: marehemu alikuwa anabebeshwa mzigo ule mezani kwake mwenyewe, na mkewe anakoroga sukari.

Siku mbili alikaa nao. Siku ya tatu alipeleka mayai sokoni kama kawaida. Kwenye kibanda cha mboga wifi yake alikuwa amekaa juu ya gunia, na muuza mboga, mwanamke mcheshi asiye na ubaya wowote, alikuwa anahesabu trei huku anaongea.

"Nyie, mie nilikuwa naamini lile duara kuliko redio. Kumbe Mzee Alama siku hizi alikuwa anajichorea tu."

Wifi aliinamisha kichwa. Mama Mayai aliweka trei ya mwisho chini, taratibu, mayai hayakugongana.

"Hakuchora yeye," alisema.

"Unasema?"

"Mistari yake ni miwili ya mwanzo. Minne ni yangu. Na duara nimechora mimi, wifi yangu akiona, na nilijua ni la uongo. Nilikuwa nafukia kinyesi kibichi ndani ya lundo. Ndoo moja kila siku, wiki mbili. Mume wangu hakukosea kitu. Naomba msimseme."

Muuza mboga alishika kifua. "Ili iwe nyingi, mama?"

Alikuwa amepewa mlango huo. Tamaa watu wanaielewa, wanakusema wiki moja, wanasahau.

"Hapana," alisema. "Ilikuwa inaacha kunuka."

Hakuna aliyemwelewa, isipokuwa mmoja. Wifi yake aliinuka juu ya gunia. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Miaka tisa. Miaka tisa kaka yangu analala kitanda cha mtoto kwa sababu ya harufu hiyo hiyo."

"Ndiyo."

"Alikuwa anakuja shambani kwangu anajisugua kwa ndimu. Nikimuuliza, anasema leo pengine nitaruhusiwa. Mzee mzima."

Hilo Mama Mayai hakulijua. Alishika nguzo ya kibanda.

"Na mimi kabichi zangu zimekufa kwa ajili hiyo," alisema wifi.

"Ndiyo, wifi."

"Usiniite wifi leo." Akachukua kikapu chake, akaondoka.

Mchana huo huo Mama Mayai alichukua kitambaa kibichi, akafuta duara. Akafuta na mistari yake minne, maana nayo ilikuwa imechafuliwa. Akaibakiza miwili ya mumewe, akaanza upya kuanzia pale. Ndoo za kinyesi kibichi alizipeleka lundo jingine, mbali, kwenye ua wa nyuma. Jumamosi ya kwanza mvuke ulipanda, na mzee akaja. Hakukalia ndoo. Aligeuza mpaka mwisho, akachora, akaingia ndani kunawa. Jumamosi ya pili mzee alikuja kidogo. Ya tatu ilibidi amtafute. Ya nne aligeuza uso umeelekea upande wa pili, kwa sababu hakutaka kujua.

Mistari ikawa sita. Nondo ikatoka vuguvugu, kisha baridi. Siku kumi zilipita ikiwa baridi na mkaa umekaa kwenye tundu lake, na Mama Mayai akipita pale kwenda kulisha kuku anapita haraka, kama mtu anayemkwepa jirani.

Siku ya kumi na moja wifi alisimama getini. Hawakuwa wamesemeshana tangu sokoni. Hakusalimia, alitazama ukuta.

"Sita," alisema.

"Sita."

"Nondo?"

"Baridi."

Wifi hakuliamini neno lake, na alikuwa na haki. Alilifunua turubai, akaichomoa nondo mwenyewe, akaiweka shavuni. Akachota kiganja kutoka katikati kabisa, mbolea nyeusi, laini, inayopukutika, akanusa. Kisha akamnyooshea mkono.

"Nusa wewe."

"Wewe ndiye unayepanda."

"Nusa, wifi."

Mama Mayai alivishika vile vidole vikubwa kwa mikono yake miwili, akaingiza uso. Udongo. Akavuta tena, kwa nguvu, mpaka chembe zikampanda puani, akitafuta chini yake, nyuma yake, mahali popote. Udongo wa shamba baada ya mvua, shamba lolote, la mtu yeyote.

"Kuna kitu?" aliuliza wifi, na hakuwa anauliza habari za kabichi.

"Hakuna."

"Hata kwa mbali?"

"Hata kwa mbali."

Wifi alipangusa kiganja kwenye kanga yake. Akaingiza mkono kwenye tundu la ukuta, akatoa kile kipande cha mkaa, kilichobaki kidogo kama kidole gumba, akamwekea mkononi.

"Basi mzungushie," alisema.

Mama Mayai aliuinua mkono. Alianzia juu ya mistari ile miwili ya mumewe, akashuka nayo polepole, akapita chini ya minne ya kwake, akapanda upande wa pili, mpaka mwisho ukakutana na mwanzo. Duara lilitoka zuri, halikubonyea popote. Akaliegemea kwa paji la uso, akalia kwa sauti, na wifi yake akasubiri kidogo pale kando yake, halafu akaenda nje kuita mkokoteni.